Redio Hubadili Baraza Kabla ya Moyo

Mjadala kuhusu nguvu ya vyombo vya habari una kambi mbili. Wapo wanaodai kwamba msikilizaji humeza kila anachoambiwa, na wapo wanaosema mtu mzima ana akili zake, hafundishwi na redio. Ushahidi kutoka ukanda wetu unaonyesha kwamba kila kambi imeshika nusu ya ukweli. Redio mara nyingi hushindwa kubadili imani ya mtu, lakini inaweza kubadili anachodhani kuwa wenzake wanakikubali, na hilo latosha kumbadilisha matendo.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Dodoma haikuupata hadi 1995, ili watafiti wawe na eneo la kulinganisha. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, hakumhubiria mtu; wasikilizaji walimfuatilia hadi UKIMWI ukampata, huku mkewe Tunu akijifunza kujitegemea. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo uliposikika. Pengine maeneo hayo yalitofautiana na Dodoma tangu mwanzo? Hapana, kwa sababu Dodoma nayo ilipanda mchezo ulipofika. Hasira kwa Mkwaju na huruma kwa Tunu ziliwapa mke na mume namna ya kuzungumza jambo ambalo awali lilikuwa la aibu.

Nchini Rwanda, mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliupima Musekeweya, mchezo wa maridhiano ulioanza 2004 ukisimulia jamii mbili zinazohasimiana. Vikundi vya kulinganisha vilisikiliza mchezo wa afya. Baada ya mwaka mmoja, imani za wasikilizaji hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni mtazamo wao kuhusu yanayokubalika, kama vile kuoana na watu wa kundi jingine au kupinga jambo hadharani. Mwishoni kila jamii ilipewa redio kaseti na kanda za mchezo. Waliosikiliza mambo ya afya aghalabu walimkabidhi kiongozi wao bila mjadala. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wengine wakitaka wazisimamie wote kwa pamoja.

Atakayepinga atataja RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994: je, hiyo haikupandikiza chuki moja kwa moja? Scott Straus, aliyewahoji wafungwa waliokiri kushiriki, alikuta kwamba wengi waliingizwa na watu waliowafuata ana kwa ana. David Yanagizawa-Drott naye alikadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki ilitokana na redio hiyo, na kwamba athari yake ilivuka hadi vijiji jirani. Tafiti hizi hazimwoshi mtangazaji; mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa RTLM. Zinachoonyesha ni kwamba maneno ya redio hupata nguvu yanapopita midomoni mwa majirani na kufanya uovu uonekane jambo la kawaida.

Basi mhariri asijitetee kwamba wasikilizaji hawakumwamini, maana madhara hayasubiri imani. Nawe msomaji, unapopokea habari inayokuchemsha damu, usiishie kuuliza kama ni kweli. Uliza pia inataka uamini kwamba wenzako wamekwisha kukubali nini, kisha uwaulize wenyewe kabla hujaisambaza.