Wana Maji au Wanamaji?

Bahari iko mbali sana na Karurumo. Sisi huku Embu ni watu wa kahawa, migomba na mahindi. Hata hivyo, barua moja ya kamati yetu ya maji ilidai kwamba mabaharia wamejaa mlimani!

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mwenyekiti aliniletea barua iliyorudishwa na ofisi moja. Ilisema: "Jirani zetu wa juu wanamaji, sisi wa chini hatuna." Karani alikuwa amechora mashua pembeni na kuandika, "Wa meli gani?" Juu ya shida ya mfereji hakujibu hata neno moja.

"Mwalimu," mzee akaniuliza kwa uchungu, "kwani tuliomba nini kama si maji?"

Msomaji mpenzi, kosa lilikuwa ni nafasi tu. "Wana maji" ni kusema wanayo maji. "Wanamaji" ni mabaharia. Vivyo hivyo, "wana nchi" ni kusema wanayo nchi, bali "wananchi" ni raia. "Wana habari" ni kusema wamezipata habari, bali "wanahabari" ndio wanaoziandika gazetini. Sikio laweza kudanganyika. Jicho ndilo hakimu.

Nilimpa mzee kipimo kimoja. Kanusha sentensi. Ikiwa yafaa kusema "hawana maji", basi "wana" ni kitenzi, nacho hutengwa. Ikiwa waweza kumtaja mmoja, "mwanamaji", basi hilo ni jina, nalo huunganishwa.

Wako wanaotia kistari: "mwana-maji". Tusiwacheke, kwani hata Waingereza hawajatulia katika jambo hili. Mwaka 2007, toleo la sita la kamusi ya Shorter Oxford English Dictionary liliondoa vistari katika maneno yapatayo 16,000; mengine yakaunganishwa, mengine yakatengwa. Kiswahili sanifu kimezoea kuunganisha: mwanafunzi, mwanachama, mwanasheria.

Tuliandika barua upya, "wana" mbali na "maji", naye mzee akaipeleka kwa mkono wake. Safari hii ilipokelewa bila kicheko.

Tufundishane nafasi hizi, maana barua ni mdomo wa asiyekuwapo. Lakini karani naye akumbuke kwamba mwenye kiu aweza kukosea tahajia, na kiu yake ikabaki pale pale.