Kabla Hujanunua Sabufa Kubwa Zaidi

Mwalimu mmoja aliyepanga chumba Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, ambako reli ya TAZARA inapita jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ameuliza swali zuri. Akikaa kitini kuangalia filamu, sabufa yake haina besi. Lakini jirani wa chumba cha pili analalamika kwamba kitanda chake kinatetemeka. Je, anunue sabufa kubwa zaidi?

Asinunue. Sababu yake ni moja ya mambo matamu kuliko yote katika fizikia ya sauti.

Habari za wati tuzimalize haraka. Namba ya PMPO iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi iruke, kwa kuwa haina kipimo ambacho viwanda vimekubaliana. Tafuta wati za RMS. Kwa chumba kimoja 20 au 30 zinatosha. Spika tano za kuzunguka kiti mwachie mwenye sebule pana. Sasa tuingie chumbani.

Chumba kina urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 3, na ukuta anaochangia na jirani uko mwisho wa ule urefu. Katika joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Besi ya hezi 50, ile inayobeba ngoma ya Bongo Fleva na milipuko ya filamu, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Nusu ya wimbi hilo ni mita 3.5, yaani inaenea ukuta hadi ukuta bila kubaki nafasi. Wimbi likigonga ukuta hurudi, likakutana na linalokuja, na yakijumlishana hayasafiri tena: hupanda na kushuka pale pale. Ningeweza kuliita wimbi tuli, lakini hewa yake haijatulia hata kidogo. Nitaliita wimbi papo.

Mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Maji hupanda ukingo wa mbele huku yakishuka ukingo wa nyuma, kisha hubadilishana, lakini katikati ya ndoo kimo chake karibu hakibadiliki. Chumbani, shinikizo la hewa ndilo maji: kwenye kuta mbili zinazotazamana linapanda na kushuka kwa nguvu, katikati halitikisiki. Tena kila ndoo ina mwendo wake. Mama akitembea kwa hatua zinazolingana na mwendo huo, maji humwagika hata kama hana haraka. Akibadili hatua, yanatulia. Sabufa ndiyo hatua. Ikipiga hezi 50, urefu wa chumba unaitika. Ikipanda kidogo mwitiko unapungua, hadi ifike hezi 58, ambapo upana wa mita 3 nao unaamka na wimbi papo lake. Na yale majani ambayo akina mama huweka juu ya maji ili yasimwagike hunyonya mtikisiko, kama godoro, mapazia na nguo zinavyonyonya sauti, ingawa zaidi zile za juu.

Sasa angalia kiti cha mwalimu kilipo: katikati ya chumba, mahali ambapo wimbi la hezi 50 karibu halipo. Anaongeza sauti kwa sababu hasikii. Jirani naye ameegemeza kitanda kwenye ukuta ule ule ambako shinikizo liko kileleni.

Utamu unakolea hapa. Mwaka 1860 Mjerumani Hermann von Helmholtz alionyesha kwamba chanzo cha sauti na msikilizaji wakibadilishana nafasi, kinachosikika hakibadiliki. Mwingereza Lord Rayleigh aliipanua kanuni hiyo katika The Theory of Sound, kilichoanza kutoka mwaka 1877, kitabu alichoanza kukiandika akiwa kwenye mashua katika mto Nile, alikokwenda kujiuguza. Maana yake ni kwamba huna haja ya kuhamisha sabufa kila pembe na kurudi kukaa. Iweke juu ya kiti chako. Piga wimbo ambao gitaa la besi linapanda na kushuka noti kwa noti. Kisha tambaa kandokando ya kuta, sikio likiwa chini pale sabufa ingekaa. Utakapofika mahali ambapo noti zote zinasikika sawasawa, pasipo moja kuvimba na nyingine kupotea, hapo ndipo pa kuiweka. Epuka kona, kwa kuwa kila wimbi papo lina kilele chake hapo. Katikati ya ukuta mrefu, sabufa haiwezi kuliamsha lile la hezi 50.

Ukuta wa tofali huzuia maneno vizuri kuliko besi, maana mtetemo ukiwa wa polepole, uzito wa ukuta huuzuia kidogo. Tembo wa hifadhi iliyo jirani na Kisaki wanaishi kwa sauti za namna hiyo. Mwaka 1984, katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, mtafiti Katy Payne alihisi hewa ikitetemeka karibu na tembo. Vipimo vikaonyesha kwamba wanaitana kwa sauti zilizo chini ya hezi 20, ambazo sisi hatuzisikii, na baadaye yeye na mtafiti mwenzake Joyce Poole walizichunguza Amboseli, Kenya. Porini sauti hizo hufika kilomita kadhaa.

Kwa hiyo, mwalimu, sabufa uliyonayo inatosha. Kama iko kwenye kona, itoe, sogeza kiti karibu na ukuta unaotazamana na ule wa jirani, na chini ya sabufa weka vipande vinne vya kandambili kuukuu ili isitikise sakafu. Usiku punguza besi kwanza, sauti baadaye. Kanuni za Tanzania za mwaka 2015 kuhusu kelele zinahusu mitetemo pia. Ukilazimika kununua nyingine, chagua ndogo yenye kitufe cha besi peke yake na waya mrefu wa kuihamishia popote.