Nondo za Vyuma Chakavu: Tuhesabu Gharama Kabla ya Kusema



Katika maombi ya fedha za ujenzi, kamati huandika mara nyingi kwamba jengo litakuwa "la kijani" kwa kuwa nondo zake zinatokana na vyuma chakavu. Nia ni njema. Lakini mfadhili akiuliza ni asilimia ngapi, jibu hukosekana. Katika Luka 14:28 Bwana wetu anamtaja mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Nasi tuketi tuhesabu.

Mfumo wa Marekani wa kutoa vyeti vya majengo ya kijani, uitwao LEED, ulipima jambo hili kwa shilingi, si kwa kukadiria kwa macho. Katika toleo lake la 2009 utaratibu ulikuwa hivi:

1. Jumlisha bei ya vifaa vya kudumu vya jengo. Usiingize ufundi, umeme wala mabomba. Kama huna mchanganuo, chukua 45% ya gharama yote ya ujenzi.

2. Malighafi iliyorejelezwa baada ya kutumiwa na watu, kama vyuma chakavu vya mitaani, huhesabiwa yote. Masalia ya kiwandani huhesabiwa nusu.

3. Zidisha asilimia hiyo, inayopimwa kwa uzito wa kifaa, kwa bei yake.

4. Gawanya jumla kwa bei ya vifaa vyote.

Tuchukue mfano wa zahanati ambayo vifaa vyake ni sh. 60,000,000. Nondo ni sh. 12,000,000, na barua ya kiwanda inaonyesha 60% ni vyuma chakavu na 20% masalia ya kiwandani. Kwa hiyo 60 na nusu ya 20 ni 70%, yaani sh. 8,400,000. Mabati ya chuma ni sh. 10,000,000 lakini hayana barua. Kwa chuma kisicho na barua mfumo uliruhusu 25% tu, yaani sh. 2,500,000. Jumla ni sh. 10,900,000, sawa na 18.2% ya vifaa vyote. Toleo hilo lilitoa alama moja kwa 10% na mbili kwa 20%. Zahanati yetu ingepata moja.

Hapa kwetu Tanga tuangalie mambo mawili. Kwanza, milango ya mvule au boriti zilizotolewa katika nyumba ya zamani iliyobomolewa, Tanga mjini au Pangani, na kufungwa tena kwenye jengo jipya, si malighafi iliyorejelezwa. Hayo ni matumizi ya tena. Yana hesabu yake, na kitu kimoja hakihesabiwi mara mbili. Pili, saruji yenye pozolana isidhaniwe kuwa imerejelezwa. Pozolana ya asili huchimbwa ardhini kama chokaa, hivyo ni malighafi mpya.

Tunashauri kila kamati idai barua ya kiwanda kabla ya kununua, na si baada, kisha itunze risiti zote katika jalada moja. Neno la muuzaji dukani halitoshi. Washarika wametoa sadaka zao na wafadhili wametuamini. Tukiandika 18% tuwe na karatasi za 18%, na tukiwa hatuna, tusiandike.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.