Kugawa Tokeni kwa Haki

Siku hizi vijana wengi huzungumza habari za sarafu za mtandao, na mazungumzo yao huwa ni bei tu. Mimi napenda kueleza jambo jingine: sarafu mpya inapotolewa, nani apewe? Jambo hili si dogo, maana sarafu nyingine, ziitwazo tokeni, humpa mwenye nazo kura katika mambo ya chombo kilichozitoa. Basi agawaye tokeni hugawa na madaraka.

Njia moja ni kumpa kila mtu sawasawa. Isilandi ilijaribiwa mwaka 2014. Nusu ya sarafu ya Auroracoin ilitengwa kwa ajili ya wananchi wote, na kila mmoja aliweza kuchukua 31.8 bure kwa kutumia namba yake ya kitambulisho. Usawa ulikuwapo, lakini wengi hawakuchukua fungu lao, na wengi waliochukua waliuza upesi, kwa kuwa mahali pa kuitumia palikuwa pachache. Bei ikaanguka.

Njia ya pili ni kuwapa waliokwisha kukitumia chombo chenyewe. Uniswap, soko la kubadilishana sarafu lililoanza mwaka 2018, lilitangaza tokeni 1,000,000,000 za UNI mwezi Septemba 2020. Kila akaunti iliyolitumia soko hilo kabla ya tarehe 1 Septemba ilistahili 400. Mafungu ya wafanyakazi na wenye mitaji yalipangwa kutolewa kidogo kidogo kwa miaka minne, wasije wakachukua na kwenda zao.

Njia hii naiona bora, ila ina kasoro. Kwanza, akaunti si mtu. Mwenye akaunti kumi aliweza kupata mafungu kumi. Pili, kupewa kura si kupiga kura. Oktoba 2020 pendekezo la kwanza lilihitaji kura 40,000,000 za kukubali. Zikapatikana kama 39,600,000, nalo likashindwa.

Ili mtu mmoja asijifanye kumi, Worldcoin ilipiga picha za macho. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wapate tokeni 25 kila mmoja, hata serikali ya Kenya ikasimamisha kazi hiyo mwezi Agosti kwa kuhofia usalama wa habari za watu. Yafaa tujiulize: je, ni haki kumtaka mtu atoe alama ya mwili wake ili apate fungu?

Wazazi wetu walio katika vyama vya ushirika wana kanuni njema: mwanachama mmoja, kura moja, hata hisa zake zikiwa nyingi. Kwa kawaida tokeni huhesabiwa kinyume. Mwenye nyingi ndiye mwenye sauti.

Basi, wenzangu, mtu akikushawishi utoe fedha zako za matumizi ujiunge na sarafu mpya, muulize kwanza: waanzilishi wamejiwekea kiasi gani, na wataweza kuuza lini? Wanachama wana kazi gani ya kufanya? Kura huhesabiwaje? Asipoweza kujibu, weka fedha yako mfukoni. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumuiya ya watu waliopewa tokeni bila jembe haidumu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV