Usiitupe Kompyuta Kuukuu Kabla Hujaivua Koti Zito

Huenda nyumbani kwako Kahama, au katika duka lako la kupiga chapa na kutoa nakala pale Katoro, imo kompyuta ambayo ukiiwasha asubuhi hupata wasaa wa kunywa chai na kuosha kikombe kabla haijawa tayari kupokea amri. Kijana aliyemaliza kidato cha sita amesimama dirishani, anataka kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kabla siku ya mwisho haijapita. Nawe unasukuma kipanya huku mshale umeganda. Mteja huyo hatangoja. Atavuka barabara.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mrithi wake, Windows 11, huzikataa rasmi mashine nyingi za zamani. Kwa hiyo fundi atakushauri ununue mpya, au atajitolea “kukupigia Windows” ya magendo kwa bei ya soda chache. Mashauri yote mawili yana gharama, na hili la pili lina hatari pia, kwani hujui ni nini kingine alichokipandikiza humo.

Iko njia ya tatu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, alitoa kiini cha mfumo endeshi kiitwacho Linux, ambacho leo hutumika bila malipo duniani kote. Juu ya kiini hicho huwekwa eneokazi, yaani programu zinazochora menyu, madirisha na picha ndogo unazobofya. Maeneokazi ni mengi, na uzito wake haulingani. Watu husikia kuwa Linux ni nyepesi, wakapakia toleo lenye GNOME, ambalo ni zito, katika mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, kisha wakailaani Linux yote. Ni sawa na kumvisha mtu koti la baridi ya Makete na kumpeleka Nyarugusu akachimbe mwamba.

Kwa mashine yenye gigabaiti 4 mimi ningechagua Xfce, iliyoanzishwa na Mfaransa Olivier Fourdan mwaka 1996. Sura yake ni ya kizamani kidogo, na hilo kwangu ni sifa: mama aliyezoea Windows ya miaka ile ataikuta menyu pembeni na hatahitaji mwalimu. Linux Mint hutolewa pamoja nayo. Kwa gigabaiti 2 afadhali LXQt, inayotumiwa na Lubuntu tangu mwaka 2018. Lakini kama mashine yako ni kongwe kiasi cha kuwa ya biti 32, uliza kwanza, maana matoleo mengi yamekwisha kuzitupa mkono. Hata Debian, iliyokuwa kimbilio lao, haikutoa tena kisakinishi chao katika toleo la 13 la Agosti 2025.

Lugha isikutishe. Nchi iliyopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974 ilikuwa, ilipofika 2004, na programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, matunda ya kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hata hivyo, tusidanganyane. Eneokazi jepesi haliupunguzii ukurasa wa intaneti uzito wake. Kivinjari ndicho mlafi mkubwa wa kumbukumbu, na mwenye gigabaiti 2 atapaswa kufungua ukurasa mmoja au miwili, si kumi. Ukipata fedha kidogo, ongeza kumbukumbu, au badili ile diski yenye sahani inayozunguka uweke ya SSD; badiliko hili la pili utaliona siku hiyo hiyo.

Kupakua toleo zima huweza kula bando la gigabaiti 3 hivi. Majirani watano wa Rwamgasa wakichanga bando moja, wote watanakili, na hapo hakuna aliyeiba, kwa sababu leseni yenyewe inaruhusu kugawiana.

Kabla ya kufuta chochote, hamishia picha na nyaraka zako mahali pengine. Kisha washa kompyuta kwa kutumia flashi yenye Linux, uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Itakwenda taratibu kuliko itakavyokuwa baadaye, lakini utajua kama intaneti isiyo na waya inashika na kama sauti inatoka. Mwenye duka aunganishe mashine ya kuchapishia na kutoa ukurasa mmoja, kwani baadhi ya hizo hazina programu za kuziendesha katika Linux, na programu ya hesabu iliyoundwa kwa Windows nayo yaweza kugoma. Ukurasa usipotoka, zima, chomoa flashi. Windows yako utaikuta kama ulivyoiacha.