Upepo wa Saa Nane

Barua ninayoijibu leo imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Anasema chama chao cha kina mama kumi na wanane kimekodi gari kwenda kutembea Naivasha Jumamosi moja mwezi ujao. Mpango wao ni huu: waondoke nyumbani saa tatu asubuhi, wafike kwenye saa sita, wale samaki wa kukaanga pale ufuoni Kamere, wapumzike kidogo, kisha saa nane wapande mashua wakawaangalie viboko. Anauliza mambo mawili. La kwanza, mashua hizo ni salama kiasi gani? La pili, mbona samaki wa Naivasha wa siku hizi ana miiba mingi kuliko yule aliyemla alipokuwa msichana?

Maswali haya yanaonekana hayahusiani, lakini majibu yake yote mawili yamo ndani ya maji yale yale. Nitaanza na la mashua, maana ndilo linaloweza kumwondolea mtu uhai.

Ziwa lile lilipewa jina na Wamaasai. Neno lao ni Nai'posha, yaani maji yanayochafuka, maji yanayokwenda huku na huku. Sisi tuliokuja baadaye tumelitamka kwa namna yetu, tukaliandika kwenye ramani na vibao vya barabarani, na maana yake tukaisahau. Mtu akifika ufuoni saa tatu asubuhi akayakuta maji yametulia kama mafuta ndani ya karai, atadhani Wamaasai walikosea. Na angoje hadi alasiri.

Sababu yake si ya ajabu. Naivasha iko chini katika Bonde la Ufa, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi umesimama ukingo wa Mau, mashariki kuna Kinangop na milima ya Aberdare nyuma yake, na kusini uko Longonot. Asubuhi ardhi ingali baridi, na hewa imelala. Jua likipanda, ardhi ya bonde hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya moto hupanda, na hewa nyingine hukimbilia mahali pake, ikipita kati ya vilima vile kama watu wanaotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Kwa hiyo upepo wa alasiri pale ni jambo la kawaida. Kukiwa na mawingu ya mvua mlimani, huja kwa ghafla na kwa nguvu zaidi.

Tena kuna jambo ambalo watu wa mjini hulikosea: tunadhani ziwa lisilo na kina kirefu ni salama. La hasha. Sehemu kubwa ya Naivasha kina chake ni kama mita tano au sita tu, ingawa kwenye ghuba ya Crescent Island, ambayo ni mdomo wa volkano ya kale, kina huzidi hapo sana. Maji ya kina kifupi yakipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama, yanayofuatana mbio mbio. Wimbi la bahari kuu huinua mashua na kuishusha polepole. Wimbi la Naivasha huipiga mashua, na kabla haijainua kichwa huipiga tena. Na ili kuzama mtu hahitaji mita mia. Mbili zinatosha.

Hapa nina jambo la kuungama.

Ilikuwa Desemba, miaka mingi imepita. Nilikuwa na mke wangu, watoto wetu wawili na mtoto wa dada yangu. Tukapanda mashua pamoja na watu wengine wanne tusiowajua, na nahodha akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Tulipokwenda kama dakika ishirini, yule kijana akapunguza mashine, akatazama upande wa Mau, akasema, “Mzee, tugeuze. Upepo ule unakuja.” Mimi nikatazama alikotazama nisione kitu. Maji yalikuwa yametulia. Nikamwambia nimelipa saa nzima, na kwamba ujanja wa namna hiyo tunaujua, mtu anataka kutushusha upesi ili apakie wengine. Wenzangu wakaniunga mkono. Yule kijana akasita, akatutazama, akaendelea mbele.

Hazikupita dakika kumi. Kwanza tuliona mstari mweusi juu ya maji, ukija. Kisha kofia ya mke wangu ikaruka. Kisha maji yakaanza kuingia ubavuni. Chini ya mbao za kukalia kulikuwa na maboya ya kuvaa manne, nasi tulikuwa kumi pamoja na nahodha. Moja halikuwa na kifungo. Tuliyavisha watoto watatu, na lile lisilo na kifungo likawa la mama mmoja mjamzito, ambaye alilishika kwa mikono miwili muda wote. Sisi wanaume tukawa tunachota maji kwa kopo la rangi.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba nahodha mzuri hakimbilii ufuo ulio karibu. Mimi nilikuwa nikipiga kelele, “Pale! Pale!” kwa sababu niliyaona mafunjo si mbali. Yeye alielekeza pua ya mashua kwenye mawimbi, akaenda polepole, akikata kwa pembe. Angenisikiliza mimi tungepigwa ubavuni na kupinduka. Na hata kama tungefika, yale mafunjo si ufuo. Mengine huelea, huwezi kusimama juu yake, na ndani yake ndimo viboko wanamopumzika mchana. Tulichukua karibu saa nzima kurudi mahali tulipotoka kwa dakika thelathini. Tuliposhuka nikatoa pesa ya ziada nimpe. Hakuipokea. Aliniambia tu, “Mzee, ungenisikia mapema saa hii mngekuwa mnakula.”

Basi, mama wa Umoja, ukiniuliza kama mashua ni salama, nitakujibu kwamba usiangalie rangi ya mashua wala muziki unaopigwa ndani yake. Hesabu maboya. Kama mko kumi, yawe kumi, na yafungwe vifuani kabla mguu haujatoka nchi kavu, kwa sababu boya lililo chini ya kiti halivaliki wakati watu wanaangukiana. Kila kifungo kijaribiwe. Watoto wapewe ya kipimo chao, maana la mtu mzima humvuka mtoto kichwani. Watu kumi na wanane wasikubali kubanwa katika mashua moja ili kupunguza gharama. Na kiboko akitokea upande wa kulia, tafadhali msisimame wote mkahamia kulia kupiga picha. Mtu ambaye hajawahi kufikiria jambo hilo ndiye atakayelifanya.

Kuhusu hao viboko nitasema kidogo, kwa sababu kila mtu anadhani anawajua. Mchana hukaa majini, usiku hutoka kula majani. Anaweza kuzama kwa dakika kadhaa bila kutoa pua, kwa hiyo maji matupu si maji yasiyo na kiboko. Nchi kavu humshinda binadamu mbio. Jambo baya kuliko yote ni kusimama kati yake na maji, maana hayo ndiyo maficho yake. Mwezi Agosti mwaka 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko alipokuwa akipiga picha kando ya ziwa hili, na siku hiyo hiyo mvuvi mmoja wa pale naye akauawa. Habari za mtalii zilikwenda dunia nzima. Za mvuvi zilipewa mstari mmoja.

Nitamrudia mvuvi. Kwanza kuna mambo mawili yaliyobadilisha safari za mashua katika miaka hii. Moja ni gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini ulioingia Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980. Halina mizizi ardhini, linaelea, kwa hiyo linakwenda upepo unakokwenda. Mahali pa kushukia palipokuwa wazi asubuhi panaweza kuwa pamezibwa jioni, na mashua ikiingia humo majani hujizungusha kwenye rafadha mashine ikazimika. Jambo la pili ni ziwa lenyewe kupanda. Naivasha haina mto unaotoka juu ya ardhi, maji yake huponyokea chini kwa chini, na ndiyo maana hayana chumvi kama ya Nakuru au Elementaita. Lakini kwa sababu hiyo pia ukubwa wake hufuata mvua. Mwaka 2009 lilikuwa limenywea, watu wakiandika kwamba linakufa. Mwaka 2020 lilikuwa limefurika hata watu wa mtaa wa Kihoto wakazihama nyumba zao. Migunga iliyokuwa ufuoni ilikufa imesimama majini. Miti ile inapendeza kwenye picha, ndege hutua juu yake, lakini visiki na nguzo za ua zilizo chini ya maji hazionekani. Nahodha wa zamani anajua zilipo. Aliyeanza kazi juzi hajui. Kwa hiyo muulize aliyeshika mashine ameanza lini. Si utovu wa adabu.

(Kwa wale wanaopenda historia: mwaka 1937 ndege za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda Afrika Kusini zilianza kutua juu ya maji ya ziwa hili, na abiria wa Nairobi wakamalizia safari kwa gari. Sijui wale marubani waliambiwa nini kuhusu saa nane.)

Sasa samaki. Samaki karibu wote wanaovuliwa Naivasha ni wageni. Tilapia waliletwa katika miaka ya 1920, na kabla muongo huo haujaisha akaletwa besi kutoka Marekani, kwa ajili ya mabwana waliopenda kuvua kwa ndoana kama mchezo. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Louisiana, ili wauzwe ng'ambo. Kamba wale walikula mimea ya ndani ya maji na yungiyungi za buluu zilizosifika. Mimea ile ndiyo iliyokuwa maficho ya vifaranga vya samaki. Kufikia mwaka 2001 samaki walikuwa wamepungua hata uvuvi ukapigwa marufuku kwa mwaka mzima.

Ni wakati huo huo alipoonekana mgeni mwingine, ambaye hakuna aliyemleta kwa makusudi. Huyu ni kapi. Hukaa chini, akichimbua matope kwa mdomo kutafuta chakula, na maji huchafuka. Besi huwinda kwa macho, kwa hiyo katika maji ya matope njaa ni yake. Kapi hajali. Aliongezeka upesi mno, na kwa miaka mingi akawa ndiye samaki mkuu katika nyavu za Naivasha. Mama, samaki uliyemla ukiwa msichana bila shaka alikuwa tilapia au besi. Huyu wa juzi mwenye miiba midogo midogo iliyotawanyika nyamani ni kapi. Nyama yake ni tamu, msimdharau. Ndiye anayelipa karo ya watoto wengi wa Karagita na Kamere.

Na huyo mvuvi. Anayevua kwa mashua na leseni ni mmoja, lakini yuko mwingine asiyeweza kununua mashua wala kupata leseni. Huyo huingia kwa miguu, maji yakimfika kifuani, akitega wavu kati ya mafunjo alfajiri au usiku ili asionekane na askari. Ni saa ile ile kiboko anatoka au anarudi, na ni mahali pale pale anapopita. Tukimwita mhalifu tutakuwa hatujasema uongo, lakini samaki wake huishia kwenye sahani zile zile tunazoketi mbele yake tukiagiza soda baridi, na sijawahi kumsikia mteja akiuliza wavu ulitegwa na nani. Mimi mwenyewe sijauliza. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha samaki aliyepitia kwenye forodha ya wavuvi, akapimwa pale asubuhi. Ukimwomba hatakasirika.

Haya, mama, ratiba yenu naipindua. Ondokeni Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Ni kilomita kama 90, na mkitoka mapema hamtakutana na foleni ya malori. Saa tatu muwe ufuoni, gawanyikeni katika mashua mbili au tatu, na kufika saa tano wote muwe mmeshuka. Nahodha akisema tugeuze kabla ya wakati, geukeni, na mlipeni saa nzima. Ndipo mketi mle samaki bila haraka, huku mkiutazama upepo kutoka nchi kavu. Mkichagua kapi, mwambieni mkaangaji amchanje mistari ya karibu karibu pande zote mbili kabla ya kumtia kwenye mafuta, ikate hadi ndani, na mafuta yawe yamechemka kweli. Ile miiba midogo itakauka na mtaitafuna pamoja na nyama.