Mzazi, mwili wako nao una haki

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga katika Soko la Mlandege, hapa Iringa. Huamka kabla ya Alfajiri, huandaa watoto wa shule, kisha huwahi mzigo sokoni. Kutwa nzima hubana mkojo kwa kuogopa kuiacha meza peke yake. Maji hanywi ili asihitaji choo, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba humsahaulisha kiu. Jioni hupika, hufua, hulala saa sita usiku. Akiumwa kichwa husema, "Ni uchovu tu."

Kubana mkojo na kutokunywa maji huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana katika kibofu. Utasikia maumivu ya kinena na mkojo unaochoma. Ukiongezeka homa na maumivu ya ubavuni, huenda vimefika kwenye figo. Wahi kituo cha afya.

Shinikizo la damu ni hatari zaidi, kwani mara nyingi halina dalili. Kipimo kikiwa 140/90 au zaidi, na kikirudiwa siku nyingine kikabaki hapo, hilo ni shinikizo la juu. Likiachwa bila tiba huweza kuleta kiharusi, na mzazi aliyekuwa nguzo ya nyumba akawa wa kulishwa kitandani.

Wazazi wengi huona kujipumzisha ni ubinafsi. Salman al-Farisi (r.a.) alipomtembelea Abu Dardaa (r.a.), alimkuta anafunga mchana na kusimama usiku, huku mkewe ameacha hata kujipamba. Salman alimtaka ale, akamlaza mpaka mwisho wa usiku, akamkumbusha kuwa Mola, nafsi na ahli kila mmoja ana haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alimsadikisha Salman. Habari hii imo katika Sahih Bukhari. Ikiwa ibada ya sunna haikuachwa ile haki ya mwili, sembuse meza ya nyanya?

Basi ewe mama, beba chupa ya maji safi. Elewana na jirani yako wa meza mwangaliziane biashara, kila mmoja aende chooni kwa wakati. Ukistanji, anzia mbele kwenda nyuma. Pima presha walau mara moja kwa mwaka hata kama huumwi, na jitahidi ulale saa saba.

Nawe baba, Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka. Kuwaandaa watoto au kuosha vyombo hakukupunguzii heshima, na mkeo hupata saa moja ya usingizi. Mkienda kupima, nendeni wote wawili.

Wabillahi tawfiq.